Mwezi mmoja na programu ya kuchora grafu: nyota tatu kwa fanksheni za logi

Programu hii niliiweka kwenye simu kwa sababu moja tu: fanksheni za logi (logarithimu: log₃9 ni 2, kwa kuwa 3² = 9, na hiyo 3 ndiyo kizio) zilikuwa zimenishinda. Kikoa (thamani za x zinazoruhusiwa), upeo (thamani za y zinazopatikana), asimtoti (mstari ambao grafu inaukaribia bila kuufikia), grafu inakata mhimili wapi. Yale yale ambayo mtihani hauchoki kuyauliza.

Nianze na iliponifaa. Niliandika y = log₃(x + k), nikaweka kitelezi cha k, nikawa nakisogeza kwa kidole. k ilipofika 4, grafu nzima ilikuwa imehamia kushoto na asimtoti imetoka x = 0 kwenda x = −4. Kwa nini kujumlisha kupeleke kushoto? Swali hilo lilinisumbua muda mrefu, na kidole kikalimaliza kwa dakika mbili. Namba ukiijumlisha nje ya mabano, grafu hupanda tu, asimtoti haitikisiki.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Nilichora y = 2log₃(x + 4) − 2. Upande wa kushoto mstari uliteremka, ukakatika ghafla karibu na y = −10. Mimi nikaamini macho, nikaandika kwamba upeo unaanzia hapo. Kosa tupu! Upeo ni namba halisi zote. Ila ili y ifike −20, x inapaswa kuizidi −4 kwa 1/19683 tu, na hakuna kioo cha simu kitakachokuonyesha kitu chembamba hivyo.

Kulia nako kuna mtego. Chora log ya kizio cha 10 uone inavyoonekana kulala, kana kwamba ina dari. Haina. x ikiwa 100, y ni 2. X ikiwa 1,000,000, y ni 6. Inapanda kivivu, lakini haiachi kupanda.

Halafu ukigusa mahali inapokata mhimili wa y unapewa 0.524, basi. Jibu kamili, 2log₃4 − 2, utalitafuta mwenyewe. (Na ukiandika log bila kizio, hapa inachukua 10, vitabu vingine humaanisha e, ile namba ya takriban 2.718. Angalia kabla hujalaumu hesabu yako.)

Siku hizi naanza na karatasi. Kilicho ndani ya logi lazima kizidi sifuri: x + 4 > 0, basi kikoa ni x > −4 na asimtoti nimeshaipata hapo hapo. Kisha y = 0: log₃(x + 4) = 1, x + 4 = 3, x = −1. Ndipo nafungua simu kuhakikisha.

Wangeongeza asimtoti ijichore yenyewe kwa nukta nukta, ningewapa nyota ya nne. Kwa sasa naandika x = −4 kwa mkono kila mara.