Programu ya Kutafsiri Milio ya Paka: Karani Mzuri, Mkalimani Hovyo

Programu za simu zinazodai kutafsiri milio ya paka zimeanza kuzungumzwa miongoni mwa wakazi wa Dar es Salaam wanaofuga paka kwa mapenzi na si kwa ajili ya kukamata panya tu. Mojawapo nimekuwa nikiitumia nyumbani kwangu Sinza kwa paka wawili: Doa, jike mwenye umri wa mwaka na ushei asiyenyamaza tangu alfajiri, na Mzee, dume aliyehasiwa ambaye anaweza kumaliza siku nzima bila kufungua kinywa. Jina la programu hiyo nitaliacha, kwa sababu kasoro nitakazozieleza hazitokani na uzembe wa kampuni moja, bali zimo katika wazo lenyewe la kumpa mtu sentensi kamili kutokana na mlio wa sekunde moja. Kwa asiye na muda wa kusoma yote, hukumu yangu ni kwamba toleo la bure linafaa kupakuliwa, na lile la kulipia halistahili fedha inayodaiwa.

Matumizi yake ni mepesi. Unasajili jina la kila paka, unabonyeza kitufe kilicho katikati ya kioo, unaisogeza simu karibu na mnyama, naye akilia, baada ya sekunde chache hutokea maneno ya namna ya "nina njaa", "niache", "nakupenda" au "nataka kupumzika", na sauti yenyewe huhifadhiwa pamoja na saa na tarehe yake. Maneno hayo huja kwa Kiingereza na lugha nyingine za ng'ambo. Kiswahili hakimo, hivyo mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeshinda na paka hao, hulazimika kumwita mjukuu amsomee. Bando linalotumika ni dogo na simu ya bei ya kawaida inaimudu.

Kinachofanyika ndani ya simu si uganga. Mlio hurekodiwa, hugeuzwa kuwa mchoro unaoonyesha jinsi sauti ilivyopanda, ilivyoshuka na ilivyokwaruza, kisha mchoro huo hulinganishwa na milio mingine ambayo watu walikwisha kuiwekea maana. Kwamba kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo kwa kiwango fulani si jambo la kubishia: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Milano nchini Italia walichapisha utafiti uliohusu paka 21, ambamo kompyuta ilifaulu vizuri kutenganisha milio ya paka anayesubiri chakula, anayechanwa manyoya, na aliyeachwa peke yake mahali asipopajua. Lakini hali zenyewe zilikuwa tatu tu, zilizopangwa na watafiti, na paka walikuwa wa aina mbili, Maine Coon na paka wa Ulaya wenye manyoya mafupi. Kutoka hapo hadi kwa paka wa uswahilini anayelala kwenye stoo ya nafaka ni mbali sana, na programu inayouzwa kwa umma inajibu kana kwamba umbali huo haupo.

Ipo sababu ya msingi inayoufanya mlio wa "nyau" ukatae kufasiriwa kwa kamusi moja. Paka wazima ni nadra kulia hivyo wao kwa wao. Huo ni mlio wa kitoto kwa mama yake, ambao paka wa nyumbani huendelea nao ukubwani kwa ajili ya binadamu, kwa kuwa ameona kwamba binadamu huuitikia. Kila paka basi hujifunza ndani ya nyumba yake mlio gani hufungua mlango na upi huleta dagaa, na alichojifunza yeye hakimlazimu paka wa jirani. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani Nicholas Nicastro na Michael Owren walichapisha majaribio ambamo watu walisikilizishwa milio iliyorekodiwa na kutakiwa kutaja paka alikuwa katika hali gani. Walimzidi mtu anayebahatisha kwa kiasi kidogo tu, ingawa waliozoea kuishi na paka walifanya vyema zaidi.

Jambo hilo nililiona kwa macho nilipoipeleka simu Tandale, kwa mama mmoja muuza nafaka ambaye paka wake hushinda juu ya magunia na ana mlio mzito wa kukwaruza. Paka alilia akiwa amesimama nyuma ya duka, na simu ikaandika kwamba ana njaa. Nilipomsomea mama, aliendelea kupima maharage bila kuinua kichwa. "Hana njaa huyo, mwanangu," alisema, "vichwa vya samaki kavimaliza asubuhi. Kijana kafunga stoo, na watoto wake wamo ndani." Stoo ilipofunguliwa paka aliingia moja kwa moja, akatoa sauti nyingine kabisa, fupi, ya kutetema, mdomo ukiwa umefumbwa, na vitoto vitatu vikatoka nyuma ya gunia la karanga. Sauti hiyo ya pili, ambayo kwa anayewajua paka ndiyo ilikuwa na maana iliyo wazi kuliko zote, simu haikuiandika hata kidogo.

Waliotengeneza programu hii wangefaidika kwa kumrudia Mildred Moelk, mtafiti wa Marekani ambaye mwaka 1944 alizipanga sauti 16 za paka kwa kufuata namna kinywa kinavyokaa: zile za kinywa kilichofumbwa, kama mkoromo (mngurumo laini wa paka aliyetulia) na mtetemo wa salamu, zile za kinywa kinachofunguka kisha kufumbika polepole, ambamo "nyau" zote zimo, na zile za kinywa kilichokazwa wazi, kama kunguruma, kufoka na mayowe ya ugomvi. Mgawanyo huo wa zamani unamsaidia mfugaji kuliko sentensi za simu, kwa kuwa unamwelekeza kutazama na kusikiliza kwa pamoja. Katika kundi la tatu programu inafanya kazi bila kosa kubwa: Doa alipomfokea paka shume aliyeingia kwa dirisha la jikoni, simu ilisema kwamba ana hasira na yuko tayari kupigana, na ilipomrekodi jike wa jirani akilia usiku kwa kutaka dume, ilitambua hivyo. Sifa hiyo ni ya haki, ila sijui nani jijini humu anahitaji simu ili aelewe kwamba paka aliyevimbisha mkia na kutoa meno hataki kuguswa.

Katika kundi la kati lipo pia jambo la kiimbo, ambalo Susanne Schötz wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden amekuwa akilichunguza pamoja na wenzake. Walichobaini ni kwamba mlio wa paka anayesubiri chakula huelekea kupanda mwishoni, na ule wa paka mwenye hofu, kwa mfano aliyefungiwa kwenye kasha akipelekwa kwa daktari, huelekea kushuka. Nimelijaribu hili kwa sikio tu, na kwa Doa linakubali mara nyingi. Programu nayo inaonekana kulizingatia, maana mlio wa kupanda huutafsiri karibu daima kuwa wa njaa, hata pale paka anapoomba tu pazia lisogezwe aone nje.

Kasoro iliyonifanya niandike tathmini hii iko kwenye mkoromo, ule mngurumo laini wa mfululizo anaoutoa paka akijikunja mapajani. Programu inaufasiri mkoromo wote kuwa furaha na utulivu. Paka hukoroma akiwa ameridhika, ni kweli, lakini hukoroma pia akiwa na maumivu, akizaa, na hata akikaribia kufa. Isitoshe, mkoromo wenyewe si wa namna moja: mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba baadhi ya paka wanaodai chakula huchanganya ndani ya mkoromo sauti nyembamba inayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na watu waliosikilizishwa waliiona kuwa inayodai jibu la haraka zaidi na isiyopendeza sana, hata wale ambao hawajawahi kufuga paka. Kuhusu namna mkoromo unavyotokea, Christian Herbst wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzake walieleza mwaka 2023 kwamba nyuzi za sauti za paka zina vinundu vinavyoziwezesha kutikisika kwa kasi ndogo sana hewa inapopita, bila kuhitaji misuli ikazwe na kulegezwa kila mara kama ilivyodhaniwa awali. Sauti inayoweza kutokea kirahisi hivyo, na katika hali zinazopingana hivyo, haifai kubandikwa neno moja la raha.

Mzee alitoa ushahidi wake mwenyewe. Kwa siku kadhaa alilala chini ya meza akikoroma, akaacha kula, na akawa anatazama ukutani badala ya mlangoni; kila simu iliposogezwa kwake iliandika kwamba ametulia na ana furaha. Mkao wake ulikuwa ukisema vingine, nami nikampeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye alipapasa mgongo wake karibu na mkia na kukuta jipu lililotokana na kuumwa na paka mwenzake. Daktari hakuvutiwa na tafsiri, lakini alipoambiwa kwamba simu imehifadhi sauti zote pamoja na saa zake, aliomba azisikie. Kutokana na orodha hiyo ilionekana kwamba Mzee, asiye na desturi ya kulia, alikuwa ametoa milio mifupi ya chini usiku kabla hajaacha kula. Hapo ndipo nilipotambua thamani halisi ya programu hii: kama karani anayeandika saa na kutunza sauti, haina upungufu wa maana.

Kelele za jiji letu zinaipa shida ambayo huenda haikufikiriwa ilikotengenezwa. Pangaboi likizunguka, programu hushindwa kutenganisha mkoromo na upepo. Honi ya bajaji inakatiza rekodi. Na mtoto wa jirani alipoiga paka nje ya dirisha, simu iliandika kwa uhakika kamili kwamba Doa anatupenda, huku Doa akiwa amelala. Inakosa jibu moja ambalo mkalimani mwaminifu lazima awe nalo, yaani kukiri kwamba hakusikia vizuri.

Huenda matoleo yajayo yatakuwa bora. Mwaka 2025 vyombo vya habari viliripoti kwamba kampuni ya Baidu ya China imeomba hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya mfumo wa kufasiri wanyama unaokusanya sauti, mienendo na ishara za mwili kwa pamoja, na angalau mwelekeo huo unakubali kwamba masikio ya paka, mkia, mboni za macho na mahali aliposimama ni sehemu ya usemi wake. Programu niliyonayo haina jicho. Paka anayelia mbele ya sahani tupu na anayelia akiwa amechuchumaa kwenye sanduku la mchanga, kwa programu hii ni sawa, ilhali huyo wa pili, hasa akiwa dume anayejikamua bila mkojo kutoka, anaweza kuwa njia yake ya mkojo imeziba, na hali hiyo humwua paka upesi asipotibiwa siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo namshauri mfugaji aitumie kuweka kumbukumbu za mabadiliko. Paka mzee anayeanza kupiga mayowe usiku anaweza kuwa na maradhi ya tezi ya shingoni, shinikizo la damu, au usikivu uliopungua. Paka ambaye sauti yake inabadilika ghafla huku akiwa mkali bila sababu asishikwe kwa mikono mitupu, kwani paka naye hupata kichaa cha mbwa, na mabadiliko ya sauti ni mojawapo ya dalili zake. Rekodi ya sauti ya kawaida ya paka wako, iliyochukuliwa akiwa mzima, ni kitu cha kumwonyesha daktari siku hiyo ikifika, na toleo la bure linaihifadhi bila malipo.

Yamebaki mambo mawili kwa anayetaka kuipakua. Kuna mpangilio unaoiruhusu kusikiliza saa zote ili isipitwe na mlio wowote. Uzime, kwa sababu kinasa sauti kilichoachwa wazi sebuleni hakichagui kati ya paka na mazungumzo ya watu wa nyumbani, na masharti yake yanasema kwamba sauti hupelekwa kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kuzuia ni rahisi kuliko kulalamika. La pili ni kwamba jaribio la bure la toleo la kulipia hugeuka kuwa ada ya kila mwezi bila kuuliza tena, nalo linaongeza tafsiri zaidi za aina ile ile pamoja na picha za mapambo, hivyo anayelijaribu alisitishe kwenye mipangilio ya duka la programu kabla muda haujaisha, maana kuifuta programu kwenye simu peke yake hakusitishi makato.