Tebori au mashine: tatuu ya Kijapani ichorwe vipi?

Tebori ni uchoraji wa mkono. Sindano hufungwa kwa safu kwenye ncha ya fimbo ndefu. Mchoraji huvuta ngozi kwa mkono mmoja, huegemeza fimbo juu ya dole gumba, kisha hudunga kwa mdundo usiobadilika. Kwa kivuli cha mawimbi na magamba ya samaki koi, naipa tebori ushindi bila kusita: rangi hukolea na kufifia taratibu. Mistari myembamba ni ya mashine. Ndiyo maana mafundi wengi wa Japani huchora mistari kwa mashine, wakajaza kivuli kwa mkono.

Kwa muda na gharama, mashine inashinda. Mgongo mzima kwa tebori huhitaji vikao vingi, na mafundi wake ni wachache. Utunzaji ni uleule: usafi, na kuepuka jua kali.

Njia yoyote utakayochagua, jua unachobeba. Japani ilipiga marufuku tatuu mwaka 1872, na katazo likaondolewa 1948. Hadi leo bafu nyingi za chemchemi za moto hukataa wenye tatuu, kwa kuwa tatuu zinahusishwa na magenge ya wahalifu yaitwayo yakuza. Michoro yenyewe nayo hubeba maana: koi apandaye maporomoko ni ishara ya ustahimilivu. Muulize fundi maana kabla ya sindano kugusa ngozi.

Unataka mchoro mdogo mkononi? Mashine inatosha. Umeamua mgongo mzima, na uko tayari kurudi kwa fundi yuleyule miaka kadhaa? Tafuta tebori.