Uniden BC125AT kwa ndege za kijeshi: skana nzuri, antena ya kubadilisha

Picha ya ndege kwenye boksi isikudanganye. Kwenye bendi ya ndege, skana nyingi za bei nafuu (redio za kusikiliza tu, zinazopekua masafa) huishia 137 MHz, wanakoongea marubani wa abiria. Wanajeshi nao hupita huko, ila maongezi yao mengi yako kati ya 225 na 400 MHz, kwa AM, aina ya urushaji inayotumiwa na ndege. Uniden BC75XLT haina kabisa sehemu hiyo. BC125AT inayo, kuanzia 225 hadi 380.

Pengo la 380 hadi 400 lisikunyime usingizi. Barani Ulaya sehemu kubwa ya hapo wamepewa polisi na zimamoto, tena kwa dijitali, ambayo skana hii haifungui.

Antena inayokuja nayo ndiyo udhaifu wake. Tundu ni la BNC, kiungio cha kuzungusha na kufunga, kwa hiyo unazungusha tu na kuweka nyingine. Urefu unaofaa wa antena ni robo ya wimbi: kwa 300 MHz ni sentimita 25. Ile ndefu ya sentimita 60 imekatwa kwa ajili ya ndege za abiria. Hata hivyo antena haivuki mlima wala upeo wa macho: ndege iliyo mita 9,000 juu yaweza kusikika karibu kilomita 390, iliyo mita 300 ni kama 70 tu. Ukikaa jirani na mnara wa redio ya FM na skana ikawa kama kiziwi, chomeka kichujio cha 88–108 MHz kabla hujailaumu.

Kutafuta kutoka 225 hadi 380 kwa hatua za 25 kHz ni masafa 6,200. Rubani husema sekunde tatu akanyamaza, kwa hiyo zungusha utafutaji vipande vipande, kisha hifadhi unachokipata. Nafasi zipo 500, katika benki (mafungu) 10. Anza na 243.0, masafa ya dharura. Acha ucheleweshaji wa sekunde 2, la sivyo skana itahama kabla jibu halijaja.

Ndani ya chumba cha betri kuna swichi ndogo ya aina ya betri. Ukiweka AA za kawaida huku swichi iko upande wa zile za kuchaji, kisha ukachomeka USB, zitachajiwa na huenda zikavuja.

Usitarajie mawasiliano yaliyosimbwa wala HAVE QUICK, mfumo wa kijeshi unaorukaruka masafa. Hakuna skana ya dukani inayoyafungua. Na 11175 kHz ya jeshi la anga la Marekani inahitaji redio ya masafa mafupi yenye USB, yaani ukanda wa juu, si ile ya kuchajia.