Massey Ferguson 135 ya zamani: mimi naifufua
Wakuu, mzee alituachia trekta MF 135, imelala chini ya mwembe miaka kama 8 hivi na watu wa chuma chakavu wanabisha hodi kila wiki, nikasema ngoja kwanza niikague. Hizi zilitengenezwa 1964 mpaka 1975, injini ya dizeli Perkins silinda 3, haina mambo ya umeme mengi na spea bado zipo. Nikachomoa dipstiki, oili nyeusi tii lakini siyo rangi ya chai ya maziwa, hapo nikashusha pumzi maana ingekuwa ya maziwa ujue maji yameingia. Nikaweka spana kwenye nati ya puli ya mbele, injini ikazunguka taratibu, haijajam kabisa!

Tatizo kubwa ni tairi za nyuma, zimepasuka kama tope la kiangazi, na hizo ndo zitakula hela. Haidroliki, kabla haijalala, ilikuwa inanyanyua plau ila plau inashuka yenyewe polepole, fundi anasema ni sili (mipira ya kuzuia oili isivuje). Ningekuta bloku ya injini imepasuka ningeiuza spea tu. Rangi nitapaka mwisho kabisa, nataka kwanza ilime masika hii.