Uzoefu wangu: gari binafsi na dereva kwa siku moja Bali, kutoka Bedugul hadi Tanah Lot

Kwa wanaouliza kama inafaa kukodi gari na dereva badala ya kupanda basi la kikundi: inafaa, mradi ratiba uipange mwenyewe. Ukimwachia wakala, utalipa bei ya gari binafsi na bado utafika kila mahali pamoja na mabasi.

Njia ninayoizungumzia ni ya kati na magharibi ya kisiwa hiki cha Indonesia: hekalu la Ulun Danu Beratan kule Bedugul, majaruba ya mpunga ya Jatiluwih, hekalu la Taman Ayun pale Mengwi, kisha Tanah Lot, hekalu lililo juu ya mwamba wa baharini, wakati jua linazama. Ukitokea maeneo ya watalii ya Seminyak, Canggu au Ubud, vyote vinaingia katika siku moja bila kukimbizana. Kuna mawakala wanaouza hekalu la Lempuyang na Tanah Lot kwa siku moja. Kataa. Lempuyang iko mashariki kabisa, Tanah Lot iko magharibi, na barabara za Bali ni nyembamba zenye pikipiki kila upande. Tena ile picha ya lango la Lempuyang linaloonekana kama limesimama juu ya ziwa, pale hapana ziwa. Ni kipande cha kioo ambacho mpiga picha anakishikilia chini ya kamera ya simu, na hadi namba yako iitwe unaweza kusubiri saa kadhaa.

Bei niliyopatana ilikuwa rupia 700,000 kwa saa 10, na ni ya gari zima, kwa hiyo mkiwa wanne inakuwa nafuu sana. Ndani yake kuna dereva, mafuta na maegesho. Viingilio, chakula na saa za ziada ni juu yako. Kwangu saa ya ziada ilikuwa 50,000. Haya yote yaandikwe kwenye WhatsApp kabla ya siku yenyewe, hasa saa zinaanza kuhesabiwa lini: anapokuchukua hotelini au anapotoka kwao. Ugomvi wa jioni karibu wote unatokana na hapo. Viingilio, tenga kama rupia 250,000 kwa kila mtu mzima kwa sehemu zote nne (Ulun Danu na Tanah Lot ni 75,000 kila moja), na beba noti ndogo ndogo za choo na sadaka. Ile tozo ya mgeni ya rupia 150,000, iliyoanza Februari 14, 2024, hulipwa mara moja tu kwa safari nzima, na unailipa mwenyewe mtandaoni. Dereva au wakala akikuwekea tozo hiyo kwenye bei ya ziara, mwambie aitoe.

Sasa mpangilio. Ziara nyingi za mawakala zinakuchukua saa 3 asubuhi, na kosa la kwanza ni hilo. Bedugul iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mchana mawingu hushuka kutoka milimani yakalifunika ziwa. Ukifika saa 7 mchana, hasa kati ya Novemba na Machi, unaweza kulipa kiingilio ukaangalia ukungu. Ondoka hotelini saa 11 na nusu alfajiri, omba kifungua kinywa cha kubeba, na utakuwa getini saa 1 na kitu, kabla ya mabasi. Beba sweta. Watu huja na kaptula na vesti wakidhani Bali yote ni joto la pwani ya Kuta.

Hekalu lenyewe liko kwenye visiwa vidogo pembezoni mwa ziwa, na mnara wake mkubwa una mapaa 11 yaliyopandana, yameezekwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi. Ni hekalu la maji, la Dewi Danu, mungu wa kike wa ziwa. Wakulima wa mpunga wa mabondeni ndio wenye nalo hasa. Mgeni haingii ndani, anaangalia kutoka ukingoni. Jambo ambalo matangazo hayasemi ni kwamba kina cha ziwa hupanda na kushuka. Kiangazi kikikaza, maji yanarudi nyuma na hekalu linabaki limezungukwa na tope na majani, hakuna taswira yake majini ya kupiga picha. Muulize dereva akutumie picha ya wiki hiyo. Madereva wanatumiana wao kwa wao kila siku. Bustani imejazwa sanamu za wanyama za rangi kali ambazo kwa macho yangu zinaharibu mahali, lakini watoto watazipenda.

Kwa Waislamu, Bedugul ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kwenye njia hii. Kijiji cha Candikuning kina Waislamu wengi, na msikiti wa Al-Hidayah uko mlimani, ng'ambo ya barabara, unalitazama ziwa kutoka juu. Vibanda vya chakula vya jirani vinapika halali. Kwingineko uliza kwanza, kwa sababu nguruwe wa kuchoma ni chakula cha heshima kwa Wahindu wa Bali na migahawa mingi inampika.

Baada ya Bedugul, dereva atapendekeza kupita shamba la kahawa. Hapo utaonjeshwa bure vikombe vidogo vya chai na kahawa za kila ladha, kisha utauziwa kahawa ya luwak, ile inayotokana na buni zilizoliwa na mnyama wa jamii ya fungo zikatoka na kinyesi chake. Mara nyingi mnyama mwenyewe yuko kizimbani, halafu dereva anapata kamisheni. Sikuwa nimeweka kwenye makubaliano kwamba hatutasimama hapo, tukasimamishwa, na nyota moja niliyokata kwenye tathmini hii ni ya hapo. Ubaya hasa ni muda: dakika 45 za dukani zinakatwa kwenye muda wa Jatiluwih.

Na Jatiluwih ndipo penye thamani ya siku nzima. Ni zaidi ya hekta 600 za majaruba kwenye miteremko ya mlima Batukaru, na UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2012 pamoja na mfumo wa subak, yaani ushirika wa wakulima wanaogawana maji ya mifereji kwa zamu zinazofungamana na sala za mahekalu. Usiishie mgahawani kupiga picha. Njia za miguu zimewekewa alama za rangi kulingana na urefu. Tenga angalau saa moja, vaa viatu vinavyoshika tope. Mpunga mwekundu wa asili unapandwa mwanzoni mwa mwaka na kuvunwa katikati yake, kwa hiyo Aprili na Mei kuna kijani na dhahabu, na baada ya mavuno kuna mabua tu. Wanaokwambia majaruba ya Tegallalang, karibu na Ubud, yanatosha wanapenda bembea za kupigia picha na foleni.

Taman Ayun, hekalu la wafalme wa Mengwi la mwaka 1634, ni dakika 30: unazunguka ukuta wa ndani na kuchungulia. Mkichelewa, lirukeni.

Tanah Lot, angalia jedwali la kupwa na kujaa kabla hujachagua siku. Maji yakipwa unatembea hadi chini ya mwamba, makuhani wanakunyunyizia maji ya chemchemi na kukubandika punje za mchele kwenye paji la uso, unatoa sadaka. Yakijaa, unaishia kuangalia kutoka gengeni. Juu hekaluni mgeni hapandi kwa hali yoyote. Zaidi ya theluthi moja ya mwamba huo ni wa kutengenezwa, uliojengwa kuzuia mmomonyoko kwa fedha za Japani, na huwezi kutofautisha kwa macho. Jua linazama kati ya saa 12 na saa 12:45 jioni mwaka mzima; fika saa 10.

Hekaluni vaa kikoi, wanaume na wanawake, na ufunge mshipi kiunoni; kikoi chetu cha pwani kinapita bila maswali. Mabango ya milangoni yanakataza wanawake walio hedhini. Vikapu vidogo vya maua vilivyowekwa chini ni sadaka, usivikanyage. Epuka Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa Bali na siku ya ukimya, ambapo hakuna anayetoka nje na hata uwanja wa ndege unafungwa saa 24, na kumbuka kwamba sikukuu ya Galungan, inayorudi kila siku 210, madereva wengi huwa kwao.

Kurudi ndiko kunakochosha. Ondoka dakika 10 kabla jua halijagusa maji, au kaa ule hadi saa 1 na nusu. Katikati ya hapo maegesho yote yanatoka kwa mpigo. Piga picha namba ya gari, inayoanza na DK kama za Bali nzima, maana ukiita "Wayan", jina la kawaida mno Bali, pale maegeshoni, nusu ya madereva watageuka.