Sindano na mkuki: mifumo miwili ya bakteria ya kutoa protini

Salmonela na Shigela, bakteria wanaosababisha kuhara, hutumia mfumo wa aina ya tatu: sindano yenye tundu, iliyosimikwa kupitia tando zote mbili za bakteria. Tundu ni jembamba mno, nanomita 2 hivi, kwa hiyo protini hukunjuliwa kwanza ndipo ipenye hadi ndani ya seli ya binadamu. Kitako chake kinafanana na mtambo unaozungusha mkia wa kuogelea wa bakteria, undugu ambao hunistaajabisha kila mara.

Aina ya sita, aliyo nayo bakteria wa kipindupindu, ni mkuki ndani ya ala. Ala hujikaza ghafla, ikafyatua mkuki wenye sumu nchani. Mara nyingi anayechomwa ni bakteria jirani.

Kwa watafuta dawa, naipendelea sindano: ikizibwa, Shigela hushindwa kuvamia seli.