Kipimo cha aleji cha kuchoma ngozi, Upanga: lipia maswali ya daktari

Naanza na bei, maana ndiyo ninayoulizwa kila siku dukani. Kumwona daktari ni shilingi 50,000 kwa kila mgonjwa. Kipimo chenyewe ni 160,000 kwa mtu mzima na 120,000 kwa mtoto, kwa kuwa matone yake ni machache. Bima yangu ilikubali kulipia daktari, kipimo ikakikataa. Unalipa kabla ya kuingia, kwa simu au taslimu, na risiti wanatoa bila kuombwa. Kliniki iko Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Sisi wa Manzese tunashuka mwendokasi pale Fire tunamalizia na bajaji. Mvua ikiwa kubwa usijisumbue, Jangwani hapapitiki. Jina la kliniki nimeliacha makusudi, kwa sababu nina manung'uniko na sipendi kumharibia mtu riziki.

Mimi ni fundi cherehani. Naamka na chafya mfululizo, macho yanawasha, na usiku pua inaziba. Mafundi wenzangu wameshahukumu kwamba ni vitenge vipya, ile dawa inayonuka ukifungua jora. Mwanangu Abuu, miaka mitatu, ana pumu ya ngozi tangu mchanga, kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Juu ya hiyo, uji wa lishe ulimvimbisha midomo na kumtoa mabaka mwili mzima, akatapika. Bibi yake anasema damu imechafuka. Jirani anasema ni maziwa. Duka la dawa wanasema Piriton, na kwao Piriton ndilo jibu la kila kinachowasha.

Sasa nung'uniko la kwanza. Ukipiga simu kuweka miadi, mapokezi wanakupa tarehe na saa basi. Hawakwambii kwamba dawa za aleji lazima uziache kwanza, kama wiki moja hivi, la sivyo ngozi haitaitika na kipimo kitadanganya. Mimi niliambiwa na mteja wangu ambaye ni nesi. Siku yetu, dada mmoja aliyetoka Mbagala na mtoto mgongoni alirudishwa, kwa sababu mtoto alikunywa dawa ya mafua juzi yake. Dawa nyingi za mafua na kikohozi, za maji na za vidonge, zina klorofenamini ndani, ambayo ndiyo Piriton yenyewe kwa jina la kitaalamu. Soma boksi. Dawa ya pumu ya kuvuta na ile ya kupuliza puani yenye steroidi hazina shida, endelea nazo. Sentensi hiyo moja kwenye simu ingemwokolea yule dada nauli na siku nzima ya kazi.

Chumba chenyewe nakisifu. Kisafi, feni inazunguka, na mezani kuna trei yenye adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu aleji ikimzidi, na sindano zake, imewekwa wazi kabla hata hatujakaa. Mtu mwenye aleji kali anaweza kuzidiwa hata na kipimo, mara chache sana, lakini inatokea. Ukienda mahali wakakuchoma matone bila trei hiyo, chukua mkoba wako uondoke.

Kipimo hakitishi. Nesi anafuta mkono kwa ndani, anaandika namba kwa kalamu, anadondosha tone moja moja kando ya kila namba, kisha anabonyeza kijisindano kifupi cha plastiki juu ya kila tone. Damu haitoki. Tone moja ni la histamini, kemikali ile ile ya mwilini inayoleta muwasho, hilo lazima livimbe. Jingine ni maji ya chumvi, hilo lisivimbe. Bila hayo mawili huwezi kujua kama ngozi inasema kweli. Unangoja dakika 15 hadi 20 na hapo ndipo mateso yalipo, maana panawasha na huruhusiwi kukuna. Panapoitika panatoka uvimbe kama wa mbu. Wanaupima kwa rula, na ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi wanauhesabu. Abuu alilia tone la kwanza, kwa mengine akawa anahesabu na nesi. Nesi huyo apewe maua yake, ana subira.

Lakini kilichonifanya niandike haya yote ni daktari, baba mtu mzima, sauti ya chini, ambaye alituhoji muda mrefu kabla ya tone hata moja. Nilianza kukunja uso, nikijua wateja wananingoja. Godoro lina umri gani? Mnalala na dirisha wazi? Chafya zinaanza kitandani au ukifika kazini? Ukisafiri kwenda Dodoma, hali inakuwaje? (Inatulia. Sikuwahi kuambatanisha hayo mawili.) Mtoto alivimba baada ya dakika ngapi? Uji ulikuwa na nini ndani, taja kimoja kimoja. Yai anakula? Maziwa? Samaki?

Majibu yangu ya mkononi yalikuja hivi: utitiri wa vumbi, vijidudu vya godoroni visivyoonekana kwa macho, aina mbili, umevimba sana. Mende, umevimba. Paka, hamna. Chavua ya nyasi, kidogo. Na kamba wa baharini, umevimba wazi kabisa.

Moyo ulinipasuka. Mimi na kamba! Nimekulia Kigamboni, kamba wa nazi ndio chakula cha Ijumaa kwetu. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Mama Abuu, ukila kamba inakuwaje?" Nikamwambia hakuna kitu, nashiba nalala. Akacheka, akasema basi endelea kula. Akanieleza kwamba kamba, mende na utitiri wana protini inayofanana, inaitwa tropomayosini. Mwili uliojifunza kuupinga utitiri unaweza kuitika kwa kamba kwenye ngozi, na wewe ukamla bila tatizo lolote. Ngozi kuitika kunaonyesha kwamba kinga ya mwili inakitambua kitu hicho, kama kinakuumiza au la ni habari nyingine, na hiyo anaijua aliyekila. Kwa mtu ambaye akila kamba koo linawasha au pumzi inabana, uvimbe ule ule wa milimita zile zile ungekuwa onyo la kuacha kabisa.

Ndiyo maana nasema fedha yangu ilikwenda kwenye maswali. Karatasi ile ningepewa mkononi bila huyo baba, leo nisingekuwa nakula kamba.

Na ndiyo maana pia sikubaliani na vipimo vya damu vya "vyakula mia" vinavyouzwa mjini kwa bei ya kutisha. Vingi vinapima kinga iitwayo IgG, ambayo mtu yeyote huwa nayo kwa chakula anachokila mara kwa mara. Jumuiya za madaktari wa mzio, yaani aleji, za Ulaya na Marekani zimekwisha kusema visitumike kutafuta aleji ya chakula. Shoga yangu wa Tabata alipima, akatoka na karatasi ya kukatazwa ngano, mayai, maziwa, nyanya na ndizi. Alikonda, vipele vikabaki.

Kwa Abuu mambo ni mazito zaidi. Karanga zilivimba milimita 9. Ute wa yai ulivimba kidogo, ila yai anakula kila siku kwenye chapati na mandazi bila shida, kwa hiyo daktari alikataa kabisa nimwondolee. Alisema kumnyima mtoto chakula anachokimudu ni kumpunguzia lishe bure, na huenda ukamtengenezea aleji ambayo hakuwa nayo. Maziwa, hamna kitu, jirani asikie. Ule unga wa lishe ulikuwa na mahindi, mchele, soya na karanga. Soya haikuitika. Alivimba ndani ya dakika chache baada ya vijiko vya kwanza, hadithi na ngozi zikakubaliana, na hapo daktari hakuwa na mashaka.

Hapa ndipo daktari huyu alipoonyesha kwamba anaishi Dar es Salaam hii hii. Hakuniambia "soma lebo" tu. Aliniuliza unga nasaga wapi. Mashine ya mtaani inasaga karanga za mtu, halafu inasaga mahindi yangu, na mabaki yanahamia. Kwa hiyo unga wa Abuu sasa nanunua wa paketi, wa mahindi matupu. Akanitajia kisamvu na mchicha wa mama ntilie, kashata, mchuzi uliokolezwa kwa karanga za kusaga, na korosho za kwenye foleni, maana vikaango na vijiko ni vile vile. Korosho zenyewe hazikuitika, ila akasema tusimpe zilizokaangwa na muuza karanga. Akaongeza kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano wenye aleji ya karanga huipoteza akikua, kwa hiyo tutarudi kupima. Ya maziwa na mayai huisha kwa wengi.

Tulipewa pia karatasi ya dharura, na hii ibandikeni jikoni. Mabaka peke yake, mpe dawa ya aleji umwangalie. Mabaka pamoja na kutapika mfululizo, sauti kukauka, kifua kubana au mtoto kulegea, usikae kungoja Piriton ifanye kazi. Dawa yake ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja kwa nje. Mlaze, usimsimamishe wala kumtembeza, kama pumzi inamsumbua mwache akae, na mkimbize hospitali yenye kitengo cha dharura ukisema neno "mzio mkali" mlangoni. Akipata nafuu msikimbilie kurudi nyumbani, hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Wifi yangu ana mimba na aliniagiza niulize: mtoto wake naye afichwe karanga? Jibu lilikuwa kinyume. Utafiti wa London uliotoka 2015 uliwapa karanga watoto wachanga waliokuwa hatarini, kuanzia miezi 4 hadi 11, na walipofika miaka mitano waliopata aleji walikuwa wachache mno kuliko walionyimwa. Ila ziwe laini, zimechanganywa kwenye uji, kamwe si punje nzima, na mtoto mwenye pumu ya ngozi kali aonwe na daktari kwanza.

Kwangu mimi dawa ni ya kupuliza puani, kila siku, si siku ya chafya tu. Nesi alinionyesha: kichwa kimeinama kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, dawa ielekee nje na sio ukuta wa katikati, kisha usivute kwa nguvu. Inachukua siku kadhaa kushika. Shuka naziloweka kwenye maji ya moto, maana utitiri unakufa kuanzia nyuzi 55 hadi 60. Godoro la zamani limekwenda, jipya limevaa gamba la zipu lililoshonwa na mimi mwenyewe, kitambaa cha kufuma kwa kubana sana, mshono nimeuziba kwa utepe. Kulianika godoro juani kunasaidia kulikausha, ila kinachotuumiza zaidi ni kinyesi cha wadudu hao, na hicho jua halikiondoi.

Manung'uniko yaliyobaki: karatasi ya majibu ni Kiingereza kitupu, na mafungu ya matone yamepangwa kwa ajili ya Ulaya. Mimi nimelipia tone la chavua ya mti ambao haujawahi kuota Manzese. Ukiweza, mwombe daktari akuchagulie, na uulize kama wana Blomia tropicalis, utitiri wa nchi za joto. Hapa walikuwa nao. Tena foleni ni ndefu, miadi ya saa tatu tuliingia saa tano na nusu, na chumba cha kungojea kina zulia. Zulia! Kliniki ya aleji.

Nenda asubuhi, vaa mikono mifupi, beba boksi la kila dawa na paketi ya kila chakula unachokituhumu. Jumamosi wanafunga saa saba mchana.